Kutafuta Kosa na Kutafuta Mkosaji

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi, lakini sikuielewa sawasawa mpaka uzeeni, tena mbele ya kompyuta.

Tangu nistaafu nina mchezo ambao baadhi ya wazee wenzangu wanaucheka: narusha ndege nikiwa nimeketi sebuleni. Natumia programu iitwayo X-Plane na usukani mdogo uliounganishwa na kompyuta. Aghalabu huanzia kiwanja cha Kilimanjaro, kile kilichofunguliwa mwaka 1971, nikauacha mlima nyuma yangu na kuelekea pwani. Programu yenyewe huja na dunia ya jumla jumla tu. Anayetaka kiwanja kifanane na kiwanja chenyewe, pamoja na majengo na miti yake, hupakua nyongeza kutoka kwenye intaneti na kuziweka katika folda iitwayo Custom Scenery. Ndege mpya nazo zina folda yao.

Jumamosi moja nilipakua ndege ya injini mbili, nikaiweka mahali pake, nikaomba kuanzia Kilimanjaro. Programu ikatoa onyo kwamba mandhari ina kasoro, na kiwanja kikatokea kitupu: njia ya kurukia ipo, majengo hayapo. Nilikata shauri papo hapo. Wiki nzima nimeruka bila shida. Leo amekuja mgeni, na shida imekuja naye. Nikaifuta ndege ile. Shida ikabaki. Nikafuta na nyongeza nyingine mbili nilizozishuku, nikabadilisha na mipangilio ya picha, yote kwa mkupuo mmoja, hata nikawa sikumbuki tena nilichogusa na nisichogusa.

Jioni alikuja mjukuu wangu. Akaniuliza, "Babu, umesoma Log?" Sikuwa nimesoma. Kumbe kila inapowashwa, programu ile huandika upya faili liitwalo Log.txt, na humo hueleza ilichokitafuta, ilichokipata na ilichokikosa. Lile onyo lenyewe lilikuwa limenielekeza huko, nami nililifunga kabla sijalimaliza. Tulisoma pamoja. Ndege mpya haikutajwa kwa ubaya popote. Kilichotajwa ni kiwanja cha Kilimanjaro, ambacho kilikuwa kikitafuta vitu vyake katika maktaba fulani na hakikuipata.

Maktaba hiyo niliijua. Ni folda iliyojaa picha na maumbo ya nyumba, uzio na magari, ambayo nyongeza nyingi huyaazima. Yenyewe haina kiwanja wala ndege. Majuma mawili nyuma, nikitafuta nafasi kwenye diski, niliiona, nikajiuliza kazi yake nini, nikaifuta. Wiki ile yote nilikuwa nikiruka kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na kwa kuwa programu hupakia vitu vya eneo ulipo tu, kosa langu lilikaa kimya likinisubiri Kilimanjaro. Mgeni alifika siku lilipofichuka, akabeba mzigo usio wake.

Tulirudisha maktaba, tukarudisha na ndege. Kila kitu kikakaa sawa. Mjukuu wangu alikwenda kulala, lakini mimi usingizi haukuja, kwa sababu kisa kile nilikuwa nimekwisha kukitenda mara moja, na mara hiyo hakikuhusu folda.

Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kulikuwa na mzee aliyeketi kwenye kigoda karibu na mizani, akipima magunia ya chakula yalipoletwa na mzabuni. Kila nilipopita nilimwona ameketi. Nikaona ni mtu asiye na kazi, nikamhamishia bustanini. Miezi michache baadaye tulipata mtunza stoo mpya, kijana mpole. Mwisho wa muhula tulipohesabu, maharage na sukari vilikuwa vimepungua sana. Sikuuliza mengi. Kabla yake hatukuwahi kupungukiwa; amekuja, tumepungukiwa. Nikamsimamisha kazi. Muhula uliofuata upungufu uliendelea, naye hayupo. Hapo ndipo mhasibu alipopendekeza tupime magunia mlangoni, tukakuta gunia lililoandikwa kilo 100 halifiki hata kilo 95. Kijana alikuwa amepokea pungufu na kutoa pungufu. Aliyeuondoa mlinzi wa mizani ni mimi.

Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliyeishi kati ya mwaka 1711 na 1776, alieleza kwamba tunachokiona ni jambo moja likifuata jingine. Kifungo kinachoyaunganisha hatukioni, ila mazoea hutufanya tukitarajie. Kama mfuatano wa mara nyingi unahitaji hadhari, sembuse wa mara moja? Hata hivyo, sidhani kwamba mimi nilipungukiwa na falsafa. Nilipungukiwa na nia. Anayetafuta kosa huwa tayari kulikuta popote, hata mkononi mwake. Anayetafuta mkosaji huwa amekwisha kujitoa katika orodha kabla hajaanza.

Msomaji ataniambia kwamba kiongozi hawezi kungoja mpaka ajue yote. Chakula kinapotea, lazima atende. Ni kweli. Lakini mchezo wangu umenifundisha kwamba kuna kutenda kwa namna mbalimbali. Katika X-Plane kuna faili lenye orodha ya nyongeza zote za mandhari. Huna haja ya kufuta unayoishuku. Unaongeza neno moja kwenye mstari wake, DISABLED, nayo inapumzishwa. Ukiwa na nyongeza 32 na hujui yenye hitilafu, unapumzisha 16, unawasha programu na kutazama. Kisha 8, kisha 4. Kwa majaribio matano utaifikia, mradi hitilafu ni ya mmoja. Tena unagusa jambo moja kwa wakati, na unaandika ulichogusa. Kabla ya yote unajiuliza: mimi mwenyewe nilibadilisha nini hivi karibuni? Swali hilo lingenifikisha kwenye kigoda kitupu karibu na mizani.

Ila hapa mfano unaniacha. Nyongeza iliyopumzishwa haijui kwamba ilishukiwa. Ukiirudisha, inafanya kazi kama jana. Kijana yule nilidhani nimempumzisha tu, kwa kuwa barua yangu ilisema "kusimamishwa kwa muda kupisha uchunguzi", na uchunguzi wenyewe sikuufanya. Yeye aliondoka akipita mbele ya wanachuo waliokuwa wanajua kwa nini anaondoka. Ukweli ulipojulikana, niliandika barua ya kumsafisha na kumwita arudi. Hakurudi. Nilijiambia kwamba nimetimiza wajibu, kwa kuwa jalada lilikuwa limekamilika. Kumtafuta kwao na kumwomba radhi ana kwa ana, hilo sikulifanya, na sababu haikuwa umbali. Ilikuwa aibu ya mkuu wa chuo kusimama mbele ya mtunza stoo.

Naandika haya kwa ajili ya walimu vijana watakaopewa ofisi na mhuri. Mtakapopungukiwa, someni kwanza kilichoandikwa, kisha mjihesabu wenyewe, na wa mwisho kuhojiwa awe yule aliyekuja jana. Na mkigundua kwamba mlimwonea mtu, msitume barua. Nendeni.

Mimi nimechelewa, lakini mhasibu wetu wa zamani bado yu hai na anakumbuka kijiji cha kijana yule. Nimemwomba anielekeze.