Machozi ya Jirani

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini nilipoandika hadithi yangu ya kwanza ya maana. Tulipanga Manzese, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja, ukuta hauzuii hata kikohozi. Chumba cha pili alikaa mama mmoja ambaye mumewe akirudi amelewa, sote tulisikia. Mie nilisikia kuliko wote, maana nilikuwa na daftari.

Nikabadili jina tu. Kovu la shavuni nikaliacha, cherehani yake nikaiacha, hata maneno aliyokuwa akilia nayo usiku nikayaacha vile vile. Jioni moja nikaisoma barazani, washikaji wakapiga makofi. Kesho yake mama yule akanikuta bombani. Hakufoka. "Mwanangu," akaniambia, "nilidhani ni ukuta tu unaonisikia. Kumbe na wewe."

Sikuwa na jibu. Je, nilisema uongo? Hapana. Basi kosa langu nini?

Sisi chipukizi tunaambiwa kila siku: andika unachokijua. Sawa, lakini kukijua kitu si kukimiliki. Mama yule hakunituma nimsemee.

Najua wapo mtakaouliza: tukiogopa kuudhi watu, tutaandika nini? Kweli kabisa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na huko huko ndiko alikoianzishia riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Ilichoma wengi, ikazuiwa mashuleni kwa muda. Lakini pale lililoshtakiwa ni suala la malezi yetu wote. Hadithi yangu mie ilimwacha mlevi salama, ikamwanika aliyepigwa.

Basi ndugu yangu, kabla hujampa mtu kazi yako aisome, jiulize: nani atalala vibaya leo, mwenye kosa au aliyekosewa? Akiwa mwenye kosa, andika, usimwogope. Akiwa aliyekosewa, chukua maumivu, acha kovu. Na ukishindwa kabisa, anza na aibu yako mwenyewe. Hiyo hakuna wa kukudai.

Ile hadithi niliichana. Baadaye nikaandika nyingine, ya kijana mwenye daftari anayesikia kipigo chumba cha pili na haendi kugonga mlango. Hiyo nilimsomea mama yule kwanza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hii kawasomee."