Je, Kipimo cha Kweli Chaweza Kuuzwa?

Hapa kwetu Kolwezi kila mchimbaji wa mikono ajua ya kuwa gunia la mawe halina bei mpaka lipimwe mara mbili. Kwanza hupimwa uzito. Kisha hutafutwa kiasi cha shaba au kobalti kilichomo, ndicho wachimbaji wanachokiita teneur. Uzito waonekana, maana hata mama wa sokoni ajua kusoma mizani. Lakini teneur haionekani kwa macho. Kwa miaka mingi, katika depo za Musompo, mnunuzi alishika chombo kiitwacho Metorex, akalipiga jiwe mionzi, na baada ya sekunde chache akatangaza namba. Namba hiyo ndiyo bei. Na chombo ni cha nani? Ni cha mnunuzi.

Hatusemi kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Twasema kwamba muuzaji hana njia ya kujua, na asiye na njia ya kujua hubaki kuamini au kunung’unika.

Wengine husema: dawa ni maabara ya Serikali tu, kwa kuwa mwenye kuuza vipimo atasema apendavyo mwenye fedha. Neno hilo nalo lastahili kupimwa. Huko London, mwaka 1842, Serikali ya Uingereza ilianzisha maabara ya kuchunguza tumbako iliyochanganywa kwa hila. Baadaye maabara hiyo ikapewa kazi ya kuamua ugomvi wa vipimo vya vyakula. Mwaka 1996 ikatolewa mikononi mwa Serikali, ikawa kampuni iitwayo LGC, nayo hupima kwa malipo. Lakini kazi ya mwamuzi haikufutwa: Mkemia wa Serikali yumo bado ndani yake, akitakiwa asipendelee upande wowote. Basi mwenye nyumba alibadilika, wajibu ukabaki.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliligusa jambo hili zamani. Alifundisha kwamba wakili aweza kuuza msaada wake, kwa sababu amtetea mtu mmoja. Lakini hakimu na shahidi ni wa pande zote mbili; hawawezi kuuza hukumu ya haki wala ushahidi wa kweli. Hata hivyo shahidi aweza kupewa gharama zake, kuwa ujira wa taabu yake.

Je, maabara ni wakili au shahidi? Ni shahidi. Twailipa kwa kulikausha jiwe, kulisaga, kuliyeyusha katika asidi na kulichunguza kwa uangalifu. Hatuilipi kwa jibu. Malipo yakiwa yale yale, namba ipande au ishuke, huo ni ujira. Yakifuata namba, hiyo ni rushwa.

Lakini liko shauri gumu zaidi. Kampuni kubwa huleta kazi kila siku. Mchimbaji huja mara moja. Hata mpimaji asiyepokea rushwa aweza kuogopa kumpoteza mteja wake mkubwa. Kwa hiyo wema wa moyo hautoshi, utaratibu wahitajika. Wafanya biashara wakubwa wa shaba walikwisha kuuona: huigawa sampuli moja, fungu hili la mnunuzi, fungu hili la muuzaji, na la tatu hutiwa muhuri kumngojea mwamuzi. Kwa nini desturi hiyo isimfae na mwenye magunia kumi? Peke yake hawezi kuilipia; wenzake wa kooperative wakichanga, yawezekana. Na Serikali, yenye chombo chake CEEC cha kupima madini na kutoa vyeti, yapaswa kumlinda asiye na chombo.

Nasi wauzaji tusijisahau. Anayepanga mawe mazuri juu ya gunia na udongo chini ameharibu kipimo kabla ya maabara. Amri ya saba yawafunga wote wawili, mwenye Metorex na mwenye gunia.