Siku Ambayo Michael Jones Hakucheza

Tarehe 27 Oktoba 1991, mjini Dublin, New Zealand walifungwa na Australia 16 kwa 6 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga. Michael Jones, flanka wao hodari kuliko wote, hakuingia uwanjani. Ilikuwa Jumapili, na Jones, Mkristo mwenye asili ya Samoa, hakucheza Jumapili. Jezi yake nambari 7 aliivaa Mark Carter.

Mimi ni Msabato. Siku yangu ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya mechi nyingi za ligi kwetu Kenya. Nilicheza nambari 7 katika klabu moja ya Nairobi, kwa hiyo swali la Jones nimelala nalo na kuamka nalo: mtu ana haki gani ya kuitii dhamiri yake ikiwa wenzake 14 ndio watakaolipa?

Swali hili humkata flanka kuliko mchezaji mwingine yeyote. Skramu ikivunjika, yeye ndiye wa kwanza kuchomoka. Mwenye mpira akiangushwa, flanka anatakiwa afike kabla ya wote, ainame juu ya mpira akiwa bado amesimama kwa miguu yake, aung'oe kabla mafowadi wa upande wa pili hawajamfagia. Akichelewa kidogo tu, mpira umekwenda. Sifa yake yote ni kuwapo. Jones aliijua kazi hiyo: katika Kombe la Dunia la mwaka 1987 alifunga trai dhidi ya Italia katika mechi ya ufunguzi, na nyingine dhidi ya Ufaransa katika fainali, iliyochezwa Jumamosi. Nusu fainali yao ya mwaka huo ilikuwa Jumapili, hakuwapo, na Wales walichapwa 49 kwa 6. Ushindi kama huo haumhoji mtu dhamiri yake. Dublin ilihoji.

Propu mmoja wa klabu yetu, mtu wa safu ya mbele ya skramu, aliniambia bila kupepesa macho: "Ndugu yangu, Mungu wako anakupumzisha wewe, mbavu zinazovunjika ni zangu." Sijasikia hoja nzito kuliko hiyo, hata kwa wachungaji.

Nikimtafutia jibu, nilimkumbuka marehemu baba, mzee wa kanisa huko Kisii. Alikuwa akiwafungua ng'ombe nira Ijumaa kabla ya jua kuzama, hata mvua iwe imeshaanza na sehemu ya shamba haijalimwa. Aliichukua amri ya Sabato kama ilivyo: inamtaja mtumwa, mgeni, hata ng'ombe. Na Kumbukumbu la Torati linaeleza sababu, kwamba Waisraeli walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Sabato si ujira wa kazi iliyokwisha. Huikata kazi katikati. Kama ingesubiri mahitaji ya wenzetu yaishe, isingefika kamwe, maana timu haiishiwi mahitaji: leo ligi, kesho kombe, halafu Kombe la Dunia.

Agosti 1995 raga iliruhusiwa kuwa mchezo wa kulipwa, na Jones akaingia katika zama hizo na Auckland Blues, mabingwa wa Super 12 mwaka 1996 na 1997. Tangu hapo mwili wa mchezaji umo ndani ya mkataba: uzito wake, chakula chake, usingizi wake. Sipingi vijana wetu kulipwa, wanastahili. Ila nataka pawepo sehemu ya mtu ambayo mwenye pesa akiiulizia bei, ajibiwe kwamba haiuzwi.

Hata hivyo mbavu za propu bado zinadai jibu, na jibu nimeliona katika mwaka 1995 wenyewe. Msimamo wa Jones ulijulikana, na New Zealand hawakumpeleka kwenye Kombe la Dunia Afrika Kusini, ambako robo fainali na nusu fainali zao ziliangukia Jumapili. Alikosa mashindano yote. Lakini waliomwacha walichagua wakijua, na flanka Josh Kronfeld alikwenda akijua kazi ni yake. Anayewaficha wenzake hadi asubuhi ya mechi anawaibia. Anayesema mapema anawaachia uhuru wa kumpanga au kumwacha. Ndiyo maana siku niliyojiunga na klabu nilimwambia kocha, propu yule akisikia: Jumamosi usinihesabu hata tukifika fainali, mtafute kijana wa nambari 7 kuanzia leo umzoeze, nami nitamfundisha yote ninayoyajua.