Kikwembe chetu, nani anakichora?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto na ngoma za wazee. Safari hii tunataka kugusa kitu kimoja ambacho kila mama wa kwetu anacho ndani ya sanduku lake: kikwembe. Kikwembe kinaingia katika mahari, kinafunika maiti, kinabeba mtoto mugongoni. Hakuna mila yetu moja inayofanyika bila hicho. Lakini ni wachache wanaojiuliza: ile picha iliyo juu ya kikwembe, nani aliifikiri? Na huyo aliyeifikiri, alilipwa namna gani?

Swali letu ni hili: je, ni haki kupeleka kazi ya kuchora, maana yake kazi ya akili na ya moyo, katika inchi ya mbali, kwa sababu tu kule mchoraji analipwa kidogo?

Hili si swali la wasomi peke yao. Maparokia, mashule, vyama, kila mmoja siku ya yubile ao tarehe 8 ya mwezi wa tatu anatafuta kikwembe chake. Siku hizi njia ni fupi: mfanyabiashara anapiga picha na telefone, anaituma Guangzhou, kiwanda kinarudisha michoro kadhaa ya kuchagua, na mchoro haulipiwi, umeingia ndani ya bei ya mita. Hata ndani ya chama chetu maneno yamekwisha kuanza. Kwa kikwembe cha yubile, tumpe kijana wa hapa kazi ya kuchora, ao tuache kiwanda kichore? Wengine wanasema wazi: «Juu ya nini tulipe muntu wa kuchora, na kule China banatuchoria bure?» Tusiwacheke. Makuta ni magumu. Lakini tufikiri kwanza.

1. Njia ambayo kikwembe kilipita

Wengi wanaamini kwamba waksi ni nguo ya Afrika tangu mababu. Kumbe hapana. Chanzo chake ni batiki ya kisiwa cha Java, katika inchi inayoitwa leo Indonesia. Kule mafundi walichora kwa nta ya moto, tone kwa tone, kisha wakatia nguo ndani ya rangi. Penye nta rangi haikuingia. Nguo moja iliweza kumaliza majuma mengi, hata miezi. Waholanzi, waliotawala kisiwa kile, waliona kwamba mashine inaweza kuiga kazi hiyo kwa bei ya chini. Mwaka 1846, Pieter Fentener van Vlissingen alianzisha kazi yake ya vitambaa katika muji wa Helmond, Uholanzi. Ndiyo mwanzo wa kiwanda ambacho tunakijua leo kwa jina la Vlisco.

Nguo hizo za mashine hazikuwafurahisha sana watu wa Java. Rangi ilipenya katika nyufa ndogo ndogo, ikaacha mistari kama mishipa ya jani. Kwao ilikuwa kasoro. Lakini mwisho wa karne ya 19 nguo zilifika pwani ya Afrika ya Magharibi, na kule watu wakaipenda mistari ileile. Kidogo kidogo zikaenea mpaka kwetu Kongo.

Tulikuwa na viwanda vyetu pia: Utexafrica kule Kinshasa, Filtisaf kule Kalemie, Sotexki kule Kisangani. Filtisaf ilifunga. Utexafrica iliacha kazi ya vitambaa katika miaka ya 2000, na uwanja wake umekuwa wa nyumba za kupangisha na maofisi. Katika miaka ileile soko lilijaa vitambaa vya China. Kule Togo, franga ya CFA ilipopunguzwa nusu ya thamani yake mwezi wa kwanza 1994, waksi ya Uholanzi ilipanda bei mpaka wengi hawakuweza tena kuinunua. Baadaye kiwanda cha China kikaleta picha ileile, kwa bei ndogo sana.

Tuangalie vizuri jambo hili. Mholanzi alichukua mchoro wa Mjava bila kumuuliza, kwa kuwa mashine ilikuwa na bei ya chini. Karne moja na nusu baadaye, kiwanda cha China kilichukua mchoro wa Mholanzi bila kumuuliza, kwa kuwa kule gharama ni ndogo zaidi. Anayelia leo aliliza mwengine jana. Ndiyo maana hatuwezi kujibu swali letu kwa kusema tu «Wachina ni wezi». Jibu la namna hiyo ni la hasira, si la haki.

2. Mkono, jicho na kinywa

Tukitaka kuelewa, inafaa kutenganisha kazi tatu zilizo ndani ya kikwembe kimoja. Kuna kazi ya mkono: kufuma, kupiga rangi, kukata. Kuna kazi ya jicho: kuona picha ambayo haijakuwapo na kuichora. Na kuna kazi ya kinywa: kuipa picha jina na maana.

Kazi ya kinywa wengi wanaisahau. Kule Helmond mchoro ulipewa namba tu. Ni mama wa soko, wa Lomé, wa Abidjan na wa kwetu, waliomtazama ndege ao ua lililochorwa wakasema: huyu anaitwa «Mume wangu anaweza», huyu «Ukitoka nami natoka», huyu «Jicho la mukemwenzangu». Kikwembe chenye jina kilitoka mbio, chenye namba kililala. Wale mama wa Lomé walioitwa Nana Benz walilielewa jambo hilo. Walipata haki ya kuuza michoro fulani peke yao, na wengine wakawa matajiri. Maana yake, ingawa hawakushika kalamu, akili yao ilikuwa na bei.

Wazee wetu pia walijua kwamba mchoro una mwenyewe. Kule Kasai, kati ya Wakuba, wanaume wanafuma mukeka wa rafia na wanawake wanaushona juu kwa nyuzi mpaka unakuwa laini kama mahameli. Kila mchoro una jina lake. Mwanahistoria Jan Vansina, aliyefanya utafiti kati yao miaka ya 1950, alieleza kisa cha miaka ya 1920: wamisionari walimwonyesha mfalme pikipiki, wakingoja ashangae. Mfalme hakuijali sana mashine. Alichokipenda ni alama ya mipira ya magurudumu juu ya mchanga. Akaamuru mchoro ule uigwe, na ukaitwa kwa jina lake. Kwetu Katanga, Baluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga ambao watu wa Mbudye waliusoma kwa vidole ili kukumbuka historia ya wafalme. Kwa watu wa namna hii kuchora ni kusema. Na mtu akisema kitu, tunauliza nani amesema.

3. Wanaosema hakuna ubaya

Tuwasikilize wenye kutetea kazi ya kutumwa mbali, maana wana maneno ya kweli.

Wa kwanza wanasema: mama mwenye watoto sita naye anataka kuvaa siku ya sikukuu. Kama si kitambaa cha China, angevaa nini? Ni kweli. Kabla ya hapo waksi nzuri ilikuwa ya mke wa mkubwa. Bei ndogo ilimrudishia mama maskini heshima yake mbele ya wenzake, na heshima si kitu kidogo.

Wa pili wanasema: yule mchoraji wa mbali naye anakula. Ukimnyima kazi kwa kuwa si ndugu yako, umemsaidia nani?

Wa tatu wanasema: hata wakubwa wanafanya hivyo. Filamu ya katuni ya Marekani inayoitwa The Simpsons, tangu ilipoanza mwaka 1989, hadithi inaandikwa Marekani lakini picha nyingi zimechorwa na mafundi wa Seoul, Korea ya Kusini. Na karibu na sisi, kule Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mwenye alama ya «Mali ya Abdulla», alijulikana kwa kanga zake tangu mwisho wa karne ya 19. Kwa miaka mingi kanga za pwani zilipigwa India, Ulaya na Japani, kabla ya viwanda vya Kenya na Tanzania kuzaliwa. Je, kanga si mali ya Waswahili?

Mfano huu wa kanga ni mzuri kuliko wanavyofikiri wenyewe. Mkono ulikuwa mbali, lakini jicho na kinywa vilibaki pwani. Ile methali iliyoandikwa juu ya kanga haikutungwa na fundi wa Osaka. Ilitoka katika maneno ya barazani. Basi mfano huu hausemi kwamba yote yanaweza kutumwa. Unasema kwamba mkono unaweza kusafiri ikiwa kinywa kimebaki nyumbani.

4. Basi ubaya uko wapi?

Kwa maoni yetu, umbali si dhambi. Bei ndogo peke yake si dhambi vilevile. Maisha ya muji mmoja si ya muji mwengine, na mshahara unaoonekana mdogo Ulaya unaweza kulisha nyumba kwengine. Ubaya uko katika mambo matatu.

La kwanza, kuchukua bila kutaja. Batiki ya Indonesia iliandikwa na UNESCO katika urizi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu mwaka 2009, lakini ni wangapi sokoni kwetu wanaojua kwamba waksi ni mjukuu wake? Mtu akichukua mchoro wa mwenzake na kufuta jina, ameiba, hata kama ameulipia.

La pili, kumlipa mtu kwa kipimo cha njaa yake, si kwa kipimo cha kazi yake. Hapa inafaa tujitazame sisi wenyewe. Maana Kongo vilevile ni «inchi ya bei ya chini». Vijana waliotoka katika mashule yetu, wenye kompyuta ya mkono wa pili, wanachora alama za maduka ya Ulaya kwa dola chache, usiku, wakati kuna umeme. Kazi ikiisha, jina lao halionekani popote, na mwenye kuagiza akisema «sipendi», wanaanza upya bila malipo. Tunaona uchungu tukisikia hivyo. Sasa yule kijana wa Guangzhou anayetuchoria «bure» sisi, si yuko sawa na huyu wetu? Hakuna mchoro wa bure. Kuna mchoraji ambaye hatutaki kumwona. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu.

La tatu, na hili linatugusa zaidi kama walimu, ni kulaza jicho letu wenyewe. Mkono usiofanya kazi mwaka mmoja unaweza kujifunza tena. Jicho lisilofanya kazi kizazi kimoja linasahau hata kwamba lilikuwa linaona. Tukiomba kiwanda cha mbali «kitu cha Kiafrika», kitatuletea ngoma, simba na mtungi, kwa kuwa ndiyo Afrika anayoijua mtu ambaye hajafika. Sisi nasi tutavaa, na watoto watafikiri ndivyo tulivyo. Hapo tumetuma mbali kazi ya kujitambua. Kazi hiyo haina fundi mwengine.

Muji wetu una shahidi. Mwaka 1946, hapa Élisabethville ya wakati ule, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya kuchora. Hakuwapa vijana picha za Ulaya za kuiga. Aliwaacha wachore samaki, ndege, nyoka na pori jinsi walivyoviona. Pilipili Mulongoy, Bela, Mwenze Kibwanga walitoka humo. Wageni walinunua picha zao na kuzipeleka mbali sana, lakini majina yalikwenda pamoja na picha. Ndiyo sababu leo bado tunayataja.

5. Tufanye nini?

Hatusemi chama kikatae kiwanda cha China. Nguo zetu za pamba hatuna tena nguvu ya kuzifuma hapa, na kudanganyana hakutasaidia mtu. Lakini tunashauri mambo matatu.

Mchoro wa yubile ufanywe na kijana wa hapa, baada ya kukaa na wazee na kuwauliza maana ya alama wanazozijua. Alipwe bei iliyokubaliwa mbele, kwa maandishi, kama tunavyomlipa fundi wa nyumba. Ikiwa feza ni kidogo, tupunguze rangi, tusipunguze mchoraji. Mchoro wa rangi mbili uliofikiriwa vizuri unapita wa rangi sita ulioiokotwa.

Mchoro ukitumwa kiwandani, uende na barua inayokataza kuuuza kwa mwengine bila ruhusa yetu na ya mchoraji. Tunajua barua haizuii mwizi. Lakini inamfundisha kijana kwamba kazi ya akili ni mali, na hilo hatujamfundisha bado shuleni.

Mwisho, jina. Kwenye ukingo wa waksi ya Uholanzi tunasoma jina la kiwanda, na mama wa soko wanalitafuta pale kabla ya kutoa makuta. Kwenye ukingo wa kikwembe chetu tuandike jina la mchoraji, muji wake na mwaka, na tuandike vilevile ni inchi gani iliyokipiga. Yule wa mbali aliyefanya kazi ya mkono naye asifutwe.

Itaongeza franga kidogo juu ya kila kikwembe. Kila mwanachama aangalie mfuko wake, kisha aseme katika mkutano kama anaona ni ghali.