Mwili wa Kiongozi si Mzaha

Siku hizi watu wakiketi barazani jioni, hapa Chumbageni kama katika miji yetu yote, huonyeshana picha za wanasiasa katika simu. Huyu huchekwa kwa kitambi, yule kwa upara, na wa tatu, hasa akiwa mwanamke, kwa jinsi alivyosuka nywele zake. Watoto nao husikia, wakacheka pamoja na wakubwa wao.

Je, huo ni mchezo tu? Mtume Yakobo atufundisha kwamba haifai kumsifu Mungu na kuwalaani watu kwa ulimi ule ule, kwani watu wameumbwa kwa mfano wake. Anayedhihaki umbo la mtu aidhihaki kazi ya Muumba. Tena mtoto aliyezoezwa kucheka kitambi cha mheshimiwa, atashindwaje kumcheka mwenzake shuleni aliye kiwete? Wahenga walisema: hujafa hujaumbika.

Kuna na hasara ya pili. Tukishughulikia nywele za kiongozi, twasahau kuuliza habari za kazi yake. Kiongozi mvivu aona heri achekwe kichwa kuliko kuulizwa hesabu ya fedha za umma. Wapiga kura wa Lindi Mjini walitupa mfano mwema mwaka 2010, walipomchagua Bwana Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, awe Mbunge wao. Hawakupima ngozi, walipima mtu.

Lakini hatusemi na raia peke yao. Desemba 2021 huko Uganda, mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa baada ya kuandika mtandaoni kwamba Luteni Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais Museveni, ni mnene kupita kiasi. Januari 2022 alishtakiwa kwa mawasiliano ya kuudhi. Alipopewa dhamana alisema aliteswa kizuizini, akawaonyesha waandishi wa habari mgongo wake wenye makovu, kisha akakimbilia Ujerumani. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu hicho cha sheria. Basi neno juu ya mwili wa mtu mmoja liliishia katika mwili wa mwingine!

Hatulisifu neno lile. Lakini kosa la ulimi halilipwi kwa fimbo. Twasoma katika Kitabu cha Pili cha Wafalme jinsi vijana walivyomzomea nabii Elisha kwa upara wake, dubu wawili wakatoka msituni wakawararua arobaini na wawili. Wenye mamlaka wasidhani hiyo ni ruhusa ya kufuga dubu wao. Bwana wetu Yesu Kristu alipovikwa taji la miiba na kuchekwa na askari hakuita hata malaika mmoja, aliwaombea msamaha. Huyo ndiye kipimo cha kila mwenye cheo.

Enyi wazazi, jambo hili lianze nyumbani. Picha ya namna hiyo ikiletwa mezani, ulizeni mbele ya watoto: mtu huyu ametenda nini? Akiwa ametenda vibaya, semeni waziwazi, wala msiogope. Kumwonya mkubwa kwa kweli ni wajibu wa raia na wa Mkristu. Lakini uso wake, tumbo lake na nywele zake mwachieni Mungu aliyemwumba.