Kichupa cha Herufi Tatu

Tuseme ni shangazi mmoja wa Mapera, kule Mbinga, mwezi Machi, shamba la ngoro. Wanaume wameshafyeka nyasi na kuzipanga miraba. Wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuzifukia. Jembe linateleza, linamkata kidole gumba cha mguu. Hashtuki. Mwenzake ndiye anayeona damu na kupiga yowe.

Hapo ndipo kisa kizima kilipo, na hakuna aliyekitazama. Mtu akatwe na jembe asisikie!

Wiki mbili baadaye kidole kimevimba, chekundu, cha moto. Habari zinamfikia mtoto wa kaka yake aliyeko Dar es Salaam. Si mjinga kijana huyu. Amesoma, na anampenda shangazi yake. Ananunua mtandaoni kichupa cha unga mweupe, kinapanda basi mpaka Mbinga, kisha bodaboda. Kwenye lebo kuna herufi KPV, na chini yake maneno madogo ya Kiingereza ambayo hakumsomea mtu: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Unga wenyewe si uganga. KPV ni peptaidi fupi mno, amino asidi tatu tu: laisini, prolini na valini. Ni kipande cha mwisho cha homoni yenye amino asidi 13 ambayo mwili hujitengenezea. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya panya waliougua utumbo: waliopewa KPV kwenye maji ya kunywa walipungukiwa na uvimbe. Ngozi na vidonda navyo vimechunguzwa. Lakini kati ya panya wa maabara na mguu wa mkulima kuna safari ndefu ya majaribio, na KPV haijaimaliza.

Mkoa wa Ruvuma, iliko Mbinga, ndiko yalikoanzia maduka ya dawa muhimu, mwaka 2003, ili yale ya dawa baridi yaliyouza chochote yapate wauzaji waliofundishwa na dawa zilizosajiliwa. Kichupa chetu kimepita mbele ya duka la namna hiyo, ndani ya mfuko wa dereva wa bodaboda.

Shangazi anakoroga unga kwa maji yaliyochemshwa, anapaka asubuhi na jioni. Wekundu unapungua. Kama ni unga, au ni kule kukaa nyumbani bila kushika jembe, nani ajuaye? Kijijini kidole kinasifiwa. Siku ya kumi na mbili mjukuu anayelala naye anakataa kulala chumba kile. Anasema kunanuka panya aliyekufa.

Hospitalini muuguzi anamtoboa kidole cha mkono na kuweka tone la damu kwenye kijimashine. Kinasoma 24, juu mno. Sukari, na si ya jana: imeshaua mishipa ya fahamu ya nyayo na kubana ile ya damu. Ndiyo maana jembe halikumuuma. Wanakata vidole viwili ili kuokoa mguu.

Kijana anafika na basi la usiku, macho mekundu.

“Shangazi, mbona hukuniambia kidole hakikuuma?”

“Hukuuliza, mwanangu. Kila ulipopiga simu uliuliza kama mzigo umefika.”