Tuulize Kwanza: Ni Tangu Lini?

Wiki hii tunagusa jambo ambalo familia nyingi hapa Wote huficha hata mchungaji asijue. Kijana ameacha kuoga, halali, anaongea peke yake. Mama amejifungua juzi na analia kutwa nzima, mtoto hataki hata kumshika. Mzee amejifungia nyumbani tangu ng'ombe wake wafe kwa kiangazi. Kabla jua litue, jirani ameshasema ni uoi, shangazi amesema ni laana ya ukoo, na sisi watu wa kanisa tumesema ni pepo. Kila mtu ako na jibu, na hakuna aliyeuliza swali.

Je, ni haki kumtajia mwenzako chanzo cha mateso yake kabla hujamsikiliza?

Hebu fungua Marko 9. Baba mmoja analeta mwanawe anayeangushwa chini na kutokwa na povu. Yesu, anayejua yote, anamuuliza baba hali hiyo ilianza lini. Baba anaeleza: ni tangu utotoni, na mara nyingi mtoto ameangukia motoni na majini. Ni baada ya hapo Bwana anakemea. Ndiyo, pale palikuwa na pepo, na hatuoni haya kuamini hivyo. Lakini kama Yeye aliyejua aliuliza, sisi tusiojua haraka yetu ni ya nini? Tena Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo kivyao na wenye kifafa kivyao. Hawakutiwa wote kwa gunia moja.

Sasa daktari wa akili anapimaje? Wengi wanadhani anabahatisha, kwa sababu malaria huonekana kwa damu lakini huzuni haionekani kwa hadubini. Si hivyo. Kwanza anatafuta ugonjwa mwingine wa mwili unaoweza kuvuruga akili: malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, kifafa, hata pombe. Halafu anauliza. Unalala? Unakula? Kazi unaweza? Umewahi kufikiria kujiua? Ilianza lini? Anawauliza na watu wa nyumbani, maana mgonjwa pengine hajioni. Majibu hayo anayalinganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kwa mfano sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, dalili zake lazima ziwe zimekaa karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, na ziwe zimemvurugia mtu maisha yake. Kulia siku tatu baada ya matanga si ugonjwa. Mimi nilisomea biashara, na tulifundishwa kwamba mkaguzi hafungi hesabu kabla ya kuona risiti. Daktari mzuri hafungi hesabu ya mtu kabla ya kumsikia.

Kuna wanaoogopa: nikisema nimesikia Mungu akinena nami kwa maombi, si nitaandikwa kichaa? Hapana. Daktari anatakiwa azingatie imani na desturi za mtu. Kunena kwa lugha Jumapili, kisha Jumatatu ukafungua duka lako vizuri, si ugonjwa. Ile sauti inayokukataza kula, inayokuambia ujiumize ama umuumize mwenzako, na ambayo hata ndugu zako katika imani hawaitambui, hiyo ni ya kupelekwa hospitalini.

Hapa Makueni mazungumzo haya yalishaanza. Profesa David Ndetei, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na watafiti wenzake walifanya kazi katika kaunti yetu. Wahudumu wa afya, waganga wa kienyeji na watumishi wanaoombea wagonjwa waliketishwa pamoja, wajadiliane jinsi ya kushirikiana. Habari za vikao hivyo zilichapishwa mwaka wa 2016. Kwa nini watumishi waliitwa? Kwa sababu mtu wetu akiumwa na akili, mlango anaobisha kwanza mara nyingi ni wa kanisa, wala si wa hospitali. Hiyo ni heshima, na pia ni deni.

Tukikosea, gharama hatuilipi sisi. Tukimwambia mama kwamba mwanawe ana pepo, tukaombea, na kijana asipone, tunamrudisha nyumbani na mizigo miwili: ugonjwa, na aibu kwamba ati imani yake ni haba. Tukimwambia mgonjwa atupe dawa, tunaweza kumzika.

Mtu atasema, mchungaji, unapunguza nguvu za Mungu. La. Soma Walawi 13. Kuhani aliangalia kidonda, na asipokuwa na hakika alingoja siku saba, akaangalia tena, ndipo akasema. Na wale wakoma kumi wa Luka 17, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Ukiombewa na ukajisikia umepona, rudi kwa daktari athibitishe, na dawa uiache yeye akisema.

Hata jina la ugonjwa tulitumie kwa upendo. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka wa 1910, na hadi leo watu hutumia jina lake kama tusi. Mwenye kisukari hatumcheki. Mbona tumcheke huyu?

Kwa hivyo wiki hii, ukimwona ndugu amebadilika, usianze na jibu. Keti naye, uliza ni tangu lini, sikiliza mpaka amalize. Muombee, kisha umsindikize hospitalini, na siri yake ikae kwako. Akitaja kujiua, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke siku hiyohiyo. Maombi na matibabu hayagombani. Mungu awabariki, na awape masikio ya kusikia.